Hukumu Dhidi ya Halmashauri: Mlipakodi Hubeba Mzigo Gani, na Unaweza Kupunguzwaje?

Halmashauri inaposhindwa shauri la madai mahakamani, hukumu huandikwa kwa jina la halmashauri hiyo. Fedha za kuilipa, hata hivyo, hazitoki mfukoni mwa mkurugenzi, diwani au mtendaji aliyefanya uamuzi uliolalamikiwa. Hutoka katika mfuko wa halmashauri, ambao hujazwa na ushuru wa mazao, leseni za biashara, ada mbalimbali na ruzuku ya Serikali Kuu. Hivyo mama lishe anayelipia kibanda chake sokoni na mkulima anayekatwa ushuru wa mazao ndio wachangiaji wa kila fidia ambayo Mahakama inaamuru ilipwe.

Suala hilo linagusa halmashauri zote 184 za Tanzania Bara. Linagusa pia haki mbili ambazo Katiba inazilinda kwa pamoja: haki ya mwananchi aliyedhulumiwa kupata nafuu, na haki ya wananchi wengine wote kuona fedha zao zikitumika kwa huduma zilizokusudiwa. Ni muhimu basi kufahamu sheria inavyogawa mzigo huo, mabadiliko yaliyofanyika katika miaka ya karibuni, na hatua zinazoweza kuzuia hasara kabla haijafika mahakamani.

Msingi wa dhima

Ibara ya 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 zinaanzisha vyombo vya serikali za mitaa na kueleza madhumuni yake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, zinavipa vyombo hivyo hadhi ya mtu wa kisheria. Halmashauri inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushitaki na kushitakiwa. Halmashauri ya kijiji nayo ina hadhi hiyo.

Kutokana na hadhi hiyo, mtumishi anapotenda kosa akiwa katika utekelezaji wa majukumu yake, mwajiri huwajibika. Dereva wa gari la halmashauri akimgonga mtembea kwa miguu kwa uzembe wakati yuko kazini, dhima hufika kwa halmashauri. Kanuni hiyo imekuwapo katika mfumo wa sheria wa nchi kwa miaka mingi. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, iliyotungwa mwaka 1967, inaiweka Serikali katika nafasi inayokaribiana na ya mtu binafsi mwenye umri na uwezo kamili, pale watumishi au mawakala wake wanaposababisha madhara.

Kanuni hiyo imewekwa kwa sababu za msingi. Mtumishi mmoja hana uwezo wa kumfidia mtu aliyepoteza nyumba, biashara au kiungo cha mwili. Iwapo dhima ingemwangukia yeye peke yake, aliyeumizwa angebaki na hukumu isiyolipika. Watumishi nao wangeogopa kufanya uamuzi wowote mgumu, hata ule ulio halali na wenye manufaa kwa umma. Zaidi ya hayo, Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama, pamoja na mambo mengine, kutoa fidia ipasavyo kwa watu walioathirika kutokana na makosa ya watu wengine, kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Fidia kwa hiyo ni matakwa ya Katiba, na haipaswi kutazamwa kama hisani ya halmashauri.

Madai huanzia wapi

Mashauri mengi dhidi ya mamlaka za mitaa huzaliwa katika shughuli za kila siku. Eneo la kwanza ni ardhi. Kiwanja kimoja kinapomilikishwa kwa watu wawili, mmoja wao lazima apate hasara, na hasara hiyo hudaiwa kwa mamlaka iliyogawa. Vivyo hivyo, eneo la wananchi linapochukuliwa kwa ajili ya shule, barabara au soko bila fidia kulipwa kwa wakati, deni huanza kukua. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili, nayo Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita. Malipo yakichelewa, riba huongezeka. Uthamini ukipita miaka miwili bila malipo kufanyika, hukoma kutumika na kazi huanza upya, kwa thamani ya ardhi ya wakati huo.

Eneo la pili ni mikataba. Mkandarasi aliyekamilisha kazi na kukosa malipo, mzabuni aliyeleta vifaa na kuzungushwa, au wakala wa ukusanyaji mapato ambaye mkataba wake umevunjwa bila kufuata masharti, wote wana njia ya kwenda mahakamani au kwa msuluhishi. Eneo la tatu ni ubomoaji wa majengo na vibanda bila notisi sahihi. Mara nyingi halmashauri huwa na haki ya kuliondoa jengo lililovamia hifadhi ya barabara, lakini hupoteza shauri kwa sababu ya namna ilivyoliondoa. Eneo la nne ni ajira, pale mtumishi anapoachishwa kazi bila kusikilizwa. Mtumishi wa umma hutakiwa kwanza kumaliza ngazi za rufaa ndani ya utumishi wa umma kabla ya kutafuta nafuu nyingine. Uamuzi usiofuata utaratibu hata hivyo huishia kudai malipo ya malimbikizo.

Katika maeneo yote manne, chanzo cha hasara mara nyingi ni hatua ndogo ya kiutawala iliyorukwa: faili halikusomwa, notisi haikutolewa, mwanasheria wa halmashauri hakushirikishwa, au hati ya madai ilikaa mezani bila kulipwa.

Mabadiliko ya mwaka 2020

Kwa muda mrefu halmashauri zilishitakiwa kama taasisi zinazojitegemea na kujitetea kwa wanasheria wake. Mwaka 2018 Serikali ilianzisha Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali kwa ajili ya kusimamia mashauri ya madai na usuluhishi yanayoihusu Serikali. Mwaka 2020 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyopanua utaratibu wa Sura ya 5 ili uzihusu pia mamlaka za serikali za mitaa, wakala na mashirika ya umma.

Marekebisho hayo yalileta mambo matatu yanayomhusu mwananchi moja kwa moja. Kwanza, anayekusudia kuishitaki halmashauri hutakiwa kutoa notisi ya siku 90, na nakala yake kupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Awali notisi kwa mamlaka za mitaa ilikuwa ya mwezi mmoja. Pili, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe katika shauri, na asipounganishwa shauri hubatilika. Tatu, kinga inayozuia mali za Serikali kukamatwa na kuuzwa ili kulipa deni la hukumu sasa inazifikia mali za halmashauri.

Lengo la kinga hiyo linaeleweka kwa urahisi. Dalali wa mahakama anapolikamata gari la kubebea wagonjwa au kufunga akaunti ya halmashauri, anayeumia kwanza ni mjamzito aliyeko zahanati ya mbali, ambaye hakuhusika na mkataba uliovunjwa. Huduma za umma haziwezi kusimama kwa kila deni. Uwepo wa mawakili wa Serikali katika mashauri hayo pia umekusudiwa kuzuia halmashauri kushindwa kwa sababu tu haikufika mahakamani au haikuwasilisha utetezi kwa wakati.

Kinga haifuti deni

Hata hivyo, ni makosa kudhani kwamba mali isiyokamatwa ni deni lililokwisha. Sheria imezuia njia moja ya kukaza hukumu, lakini wajibu wa kulipa umebaki pale pale. Mwenye hukumu hupata hati ya Mahakama inayoonesha kiasi anachostahili, na ofisa mwenye dhamana hutakiwa kulipa. Asipolipa, mwenye hukumu anaweza kurudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha ofisa huyo atimize wajibu wake wa kisheria. Wakati hayo yakiendelea, riba hailali. Kanuni ya 21 ya Amri ya XX ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaweka riba ya asilimia 7 kwa mwaka kwa deni la hukumu, isipokuwa pale wahusika walipokubaliana kwa maandishi kiwango kingine kisichozidi asilimia 12.

Mfano wa hesabu unaweza kulifafanua jambo hilo. Tuseme halmashauri yenye mapato ya ndani ya shilingi bilioni 2 kwa mwaka imeamriwa kulipa shilingi milioni 300. Kwa riba ya asilimia 7, deni hilo huongezeka kwa shilingi milioni 21 kila mwaka. Likikaa miaka minne, halmashauri itakuwa na mzigo wa shilingi milioni 384, bila kuhesabu gharama za shauri. Sheria inaitaka halmashauri hiyo kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo kwa hesabu ya jumla ni shilingi milioni 200: milioni 80 kwa wanawake, milioni 80 kwa vijana na milioni 40 kwa watu wenye ulemavu. Hukumu moja iliyocheleweshwa, kwa mfano huo, inakaribia mikopo ya makundi yote matatu kwa miaka miwili. Riba peke yake, shilingi milioni 84, inazidi fungu zima la vijana kwa mwaka mmoja.

Upande wa pili kuna mwananchi aliyeshinda. Yeye naye ni mlipakodi. Amesubiri notisi, amesubiri shauri kusikilizwa, kisha anasubiri bajeti. Kwa mjane aliyepoteza shamba au fundi ambaye mtaji wake wote uko katika kazi ambayo haijalipwa, ushindi usio na malipo hauna tofauti kubwa na kushindwa. Kinga ya mali za umma kwa hiyo inahitaji nidhamu ya malipo upande wa pili. Bila nidhamu hiyo, mzigo haupungui. Huhamishwa tu kutoka bajeti ya mwaka huu kwenda bajeti ya miaka ijayo, ukiwa mkubwa zaidi.

Funzo kutoka Marekani

Nchi nyingine zimekabiliana na swali hilohilo. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1978 kwamba mamlaka za mitaa zinaweza kushitakiwa kwa kukiuka haki za kikatiba, pale ukiukaji unapotokana na sera au desturi za mamlaka yenyewe. Mwaka 1980 Mahakama hiyo ilisema jiji haliwezi kujikinga kwa kudai kuwa maofisa wake walitenda kwa nia njema.

Mwaka uliofuata lilikuja shauri la Jiji la Newport, katika jimbo la Rhode Island, lililofuta kibali cha tamasha la muziki mwaka 1975. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa waandaaji fidia ya dola 72,910 kwa hasara waliyopata, kisha likaongeza dola 200,000 dhidi ya jiji kama adhabu. Mahakama ya Juu iliifuta adhabu hiyo. Hoja yake ya msingi ilikuwa kwamba adhabu dhidi ya jiji haimfikii mkosaji. Humwangukia mlipakodi ambaye hakutenda kosa lolote. Fidia ya hasara halisi ilibaki kuwa halali, na maofisa wenyewe wangeweza kuadhibiwa kwa makosa yao.

Uamuzi huo ulitenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kumfidia aliyeumizwa, jambo ambalo ni haki kulipiwa na umma, na kumwadhibu aliyeumiza, jambo ambalo umma haupaswi kulibeba kwa niaba yake. Pamoja na hayo, malipo ya fidia katika miji ya nchi hiyo yameendelea kuwa makubwa. Mwezi Machi 2021 Baraza la Jiji la Minneapolis liliridhia dola milioni 27 kwa familia ya George Floyd, aliyeuawa na polisi Mei 2020. Mwenye kosa alifungwa, lakini fedha zililipwa na jiji. Gharama hiyo inaonesha kuwa kumwadhibu mkosaji baada ya tukio hakurudishi fedha za umma, na kwamba nafuu ya kweli kwa mlipakodi hupatikana pale madhara yanapozuiwa.

Siku 90 zina kazi gani

Katika historia ya sheria nchini, notisi ya siku 90 ilichukua nafasi ya sharti zito zaidi. Zamani mwananchi alihitaji kibali cha Serikali kabla ya kuishitaki. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba sharti hilo linapingana na Katiba kwa kumzuia mtu kuifikia Mahakama, na mwaka uliofuata Bunge likaweka notisi badala ya kibali. Notisi kwa hiyo ilikusudiwa kuipa Serikali nafasi ya kuyachunguza madai na kuyamaliza pale yanapokuwa ya haki, bila kumfungia mwananchi mlango.

Kipindi hicho ndicho chenye thamani kubwa zaidi kwa mlipakodi. Ndani ya miezi mitatu, halmashauri inaweza kuitisha faili, kumhoji mtumishi aliyehusika, kupata ushauri wa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali na kuamua iwapo ina utetezi. Pale ambapo kiwanja kimegawiwa mara mbili na nyaraka zinaonesha hivyo, kutoa kiwanja mbadala katika siku ya 60 ni nafuu kuliko kulipa thamani yake, riba na gharama za shauri baada ya miaka mitano. Pale ambapo madai hayana msingi, muda huohuo unatosha kukusanya ushahidi wa kuyapinga. Notisi inayopokelewa masjala na kuwekwa kabatini humpotezea muda mdai na kuinyima halmashauri nafasi yake ya mwisho ya kulipa kidogo.

Uwajibikaji wa mtu mmoja mmoja

Halmashauri kulipa fidia hakumsafishi mtumishi aliyesababisha hasara. Sheria za fedha za umma zina masharti ya kumtaka mtumishi aliyeisababishia Serikali hasara kwa uzembe kuirejesha. Sheria na kanuni za utumishi wa umma zinatoa nafasi ya hatua za kinidhamu, na pale palipo na rushwa, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inahusika. Hatua hizo zinapaswa kutofautisha kosa la kweli la kibinadamu na uzembe au hila, ili mtumishi mwadilifu asiogope kufanya kazi.

Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hesabu za halmashauri kila mwaka kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba. Katika ukaguzi huo, mashauri yaliyoko mahakamani yanayoweza kuzaa madeni hutazamwa kama sehemu ya hali ya fedha ya halmashauri. Taarifa huwasilishwa kwa Rais, kisha bungeni, ambako Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji maofisa masuuli. Ngazi iliyo karibu zaidi na mwananchi ni Baraza la Madiwani, ambalo ndilo linalopitisha bajeti na lina nafasi ya kuuliza: mashauri mangapi yanaendelea, yametokana na nini, na yapi yangeweza kumalizwa kwa mazungumzo?

Anachopaswa kujua mwananchi

Mwananchi mwenye madai dhidi ya halmashauri au kijiji anashauriwa kuanza na malalamiko ya maandishi kwa mkurugenzi au mtendaji husika na kutunza nakala iliyogongwa mhuri. Iwapo hakuna ufumbuzi, notisi ya siku 90 ieleze wazi chanzo cha madai, kiasi kinachodaiwa na nafuu inayoombwa, na nakala zifike kwa ofisi zote zinazotajwa na sheria. Shauri lililofunguliwa bila notisi, au bila kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, huweza kuondolewa kabla ya kusikilizwa, na pande zote mbili zikawa zimepoteza muda na fedha.

Ukomo wa muda nao uzingatiwe. Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 89, inatoa miaka 12 kwa madai ya ardhi, sita kwa madai ya mikataba na mitatu kwa madhara ya kawaida. Madai ya fidia kwa jambo lililofanywa katika utekelezaji wa sheria yana ukomo wa mwaka mmoja tu, na wengi huchelewa kwa kutolifahamu hilo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au kupitia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023.

Mwananchi asiye na shauri lolote naye ana nafasi yake. Mkutano wa kijiji na vikao vya Baraza la Madiwani vilivyo wazi kwa umma ni mahali halali pa kuuliza fidia zilizolipwa mwaka uliopita na kama chanzo chake kimerekebishwa. Halmashauri inayojua kwamba wapiga kura wake watauliza swali hilo ina sababu ya kusoma kila notisi siku inapofika, kulipa kila hukumu halali kabla riba haijakua, na kutorudia kosa ambalo tayari limeshalipiwa mara moja.